Kiraka

Kwenye mpira wangeniita kiraka:
leo beki, kesho winga,
lango likibaki tupu nisimame langoni.
Kwenye mchezo wetu wa nyimbo nimekariri watu saba:
mjane, mpiga chapa, dada wawili wa kinu cha karatasi,
mlevi, karani,
na farasi, nusu ya nyuma.
Kila usiku nakaa gizani na soksi zangu
nikiomba wote wawe wazima.
Nikiomba pia, Mungu anisamehe,
mmoja akohoe.

Basi letu lina vitanda kumi na viwili na choo kisichofunga.
Thurman, dereva, hunywa maziwa ya moto
na hataki mtu aimbe kabla ya saa nne asubuhi.
Tumetoka Dubuque saa saba usiku.
Miji inaitwa kama majina ya mahudhurio:
yupo, yupo, hayupo.

Nami nina daftari langu. Jiolojia, mwaka wa tatu;
chuo kimeniruhusu shingo upande
kwa barua ya Profesa Lindqvist, sentensi mbili tu:
“Mawe hayaendi popote. Mtihani ni Alhamisi.”

Basi nasoma dirishani.
Palipochongwa kilima ili barabara ipite
miamba iko uchi, tabaka juu ya tabaka,
chokaa, tope lililogeuka jiwe, chokaa tena,
bahari iliyokuwa hapa kabla ya mahindi.
Odalys wa mavazi, pini mdomoni, aniuliza:
“Unatazama nini, ukuta?”
Namwambia, bahari.
Anatazama kidogo. Anarudi kwenye pindo lake.

Salina, Kansas. Jumatano, saa kumi na moja jioni,
Bettina, mjane wetu, anatapika kwenye ndoo ya rangi.
Samaki wa kituo cha mafuta; tulimwonya.
Meneja wa jukwaa ananinyooshea kidole,
hata jina langu halitaji.

Gauni linanikaa. Viatu vinapwaya.
Odalys anachomoa karatasi begini mwangu,
anazifinyanga, anazisokomeza kwenye ncha.
“Hizo ni noti zangu za kesho!”
“Leo ni vidole vyako. Ingia.”

Nikaingia. Taa zikanimwagikia kama maji ya ndoo.
Wimbo wa pili nikamlilia marehemu mume wangu
kwa jina la mdogo wake.
Mzee wa safu ya mbele akaguna, “Ahaa,”
na Ignatz kwenye piano akazungusha ubeti
ili nipate pa kujirekebisha.
Sikujirekebisha.
Nilimlilia shemeji mpaka pazia.

Usiku, chumba namba tisa, nikavua viatu.
Jasho limechanganya zama na zama,
wino wa Devoni umevujia Permi,
na kidole gumba kimetoboa
miaka milioni mia.

Asubuhi, maktaba ya mji. Msimamizi wangu, Bi. Arvilla Stroud,
akaweka mezani saa ya jikoni yenye umbo la kuku,
akaanza kufuma.
Swali la nne: Eleza pengo kati ya tabaka mbili
ambapo miamba ya katikati haipo.
Nikaandika: palikuwa na kitu.
Kililiwa na maji, kikaliwa na upepo.
Cha juu hakikuwahi kukutana na cha chini,
ila kimelala juu yake, uzito wote.
Ukurasa na nusu. Waliomba mistari mitano.

Kuku akalia. Nje basi linanguruma,
Bettina dirishani, rangi imemrudi,
ananipungia mkono. Amepona.
Nilifurahi. Nadhani nilifurahi.

Bi. Arvilla akalamba bahasha, akaibana kwa ngumi,
akaniangalia juu ya miwani:
“Si ndiwe uliyekuwa mjane jana?”
Jana, ndiyo.
Akatazama huku na huku, maktaba nzima haina mtu.
“Yule shemeji,” akaninong’oneza.
“Mimi nilijua tu.”